Kijiko cha Kwanza cha Mume Wangu

Sifa na shukrani ni za Mungu, aliyemuumba mtoto akiwa na njaa kabla hajampa meno, na akamwekea chakula kifuani mwa mama yake kabla hajajua kuomba. Yeye ndiye aliyenifikisha uzee huu nikiwa naona, nasikia na natafuna, japo kwa upande mmoja. Mema yote nitakayosimulia hapa ni yake. Wivu ndio wangu.

Mimi ni bibi wa kijijini, upande wa Dutwa. Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa kigango chetu mafundisho ya komunyo ya kwanza. Katika mafundisho hayo kuna somo la mizizi ya dhambi, na kila nilipofika kwenye wivu nilikuwa napita haraka, kwa kuwa sikuuona kuwa ugonjwa wangu. Nilifunga ndoa ya kanisani. Mume wangu hakuleta mke wa pili, wakati ambapo majirani zangu wengi walikuwa wakigawana mume mmoja kwa majiko mawili. Nilipowasikia wakirushiana maneno kisimani, nilimshukuru Mungu, nikajitwisha ndoo yangu na kwenda zangu. Sikujua kwamba mke mwenza wangu alikuwa njiani, kwamba angenifikia uzeeni, na kwamba mume tutakayemgombania atakuwa hana jino hata moja.

Kwetu bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu". Ni utani wa tangu zamani. Bibi humdai mume huyo nguo ya sikukuu, humnunia asipomsalimu, humtishia kwamba atafunga mizigo arudi kwao. Lakini mtoto huwa na bibi wawili, na hapo ndipo utani unapoota miiba. Mke mwenza wangu ni mama mzazi wa mkwe wangu: mwanamke wa Moshi, mrefu, msafi, Mlutheri wa kwaya. Alikuja Bariadi mjini kumtunza binti yake alipojifungua, na mjukuu wetu alipokaribia miezi sita alikuwa bado yupo.

Mimi nilichelewa. Mzee wangu alikuwa ameumia goti, na pamba haikuwa na mtu mwingine wa kuipalilia. Nilikwenda mara moja mtoto akiwa mchanga, nikambeba, nikamwombea, nikarudi shambani. Nilimwachia mwenzangu siku zote zile za kuogesha, kubembeleza na kupakata, nikijipa moyo kwamba jambo langu lilikuwa mbele.

Jambo lenyewe ni hili. Katika nyumba niliyoolewa, uji wa kwanza wa mtoto hutolewa na mama wa baba yake. Sisemi ni desturi ya Wasukuma wote; majirani zetu wa ng'ambo ya mto hawana habari nayo. Ni ya nyumba ile. Mtama sharti utoke kwenye ghala la nyumba, usiwe wa dukani. Bibi huuchota uji kwa kata, ile ya kibuyu, huyasema maneno yake, humlisha mtoto, na kuanzia hapo mtoto huhesabiwa kuwa amekula cha kwao.

Mama mkwe wangu aliwalisha wanangu wote. Alikuwa akimlaza mtoto mapajani, anakinga kiganja chini ya kidevu chake, anaumimina uji pale na kumsukumia mdomoni, kama walivyofanya zamani. Kazi yangu mimi mama ilikuwa kushika miguu, ili mtoto asiipige kata teke. Kwa mtoto wa kwanza niliishika ile miguu huku uso wangu umefura. Aliniona.

"Usinune, mayu," aliniambia. Mayu ni mama. Ndivyo tunavyomwita hata binti mdogo tukimpenda. "Na wewe zamu yako itafika."

Neno lile nililitunza kama mbegu. Nikashika miguu ya mtoto wa pili, na ya wa tatu, na ya waliofuata, nikingoja zamu yangu. Wote hao walikuwa mabinti isipokuwa yule wa kwanza, na watoto wa mabinti zangu wamekulia kwa baba zao, wakilishwa na bibi wengine. Mwana wa kiume ni mmoja, naye hakuwa na haraka ya kuoa. Kwa hiyo msomaji wangu aelewe: mtoto huyu alipozaliwa, mimi sikuwa na zamu nyingine ya kungojea.

Goti la mzee lilipopata nafuu nilitwanga mtama wetu, nikaupepeta, nikauosha, nikauanika juu ya shuka safi, nikausimamia mwenyewe mashineni ili usichanganywe na unga wa mtu. Niliufunga kwenye mfuko, kata nikaiviringisha ndani ya kanga, nikapanda basi asubuhi pale Dutwa.

Mwanangu ni fundi kwenye kinu cha kuchambua pamba, na msimu ukianza nyumbani anapita tu kama mgeni. Mke wake ni mtumishi wa serikali, ana ofisi kule Lagangabilili, anaondoka asubuhi na basi na kurudi mchana kumnyonyesha mtoto. Kwa hiyo aliyenifungulia mlango alikuwa mama wa Moshi.

"Karibu, mzazi mwenzangu," alisema, kana kwamba nyumba ya mwanangu ni ya kwake. Mgongoni alikuwa amembeba mume wangu, mashavu yamejaa, ameegemeza kichwa kama mtu aliyefika kwake.

"Nimekaribia. Hebu nipe mume wangu."

"Mume wako amelala."

"Na macho yote mawili yako wazi?"

"Ndivyo anavyolala. Wewe hujamzoea."

Nikacheka, na yeye akacheka, maana wakwe huheshimiana. Nilipompokea mtoto alinitazama kidogo, akaitazama skafu yangu, kisha akaangua kilio kilichomleta jirani dirishani. Nikamtikisa, nikampuliza, nikamwita kwa majina yote ya mapenzi niliyo nayo. Alikuwa ameinyoosha mikono kule kwa mwenzangu.

"Ni harufu ya basi tu," mama wa Moshi alisema, kwa huruma ambayo sikumwomba. Akamchukua. Kilio kikakatika kama taa iliyozimwa.

Nilikwenda uani kunawa uso, nikanawa muda mrefu.

Siku zilizofuata nilimjua vizuri mume wangu. Alikuwa na njaa. Si njaa ya shida. Maziwa ya mama yake yalikuwepo, na mengine yalikamuliwa na kuachwa kwenye kikombe. Ilikuwa njaa ya kukua. Tulipokula ugali alikuwa akilifuata tonge kwa macho kutoka kwenye sahani mpaka mdomoni mwa mtu, na mtu alipotafuna, naye alitafuna, bila kitu. Siku moja aliushika mkono wa mama wa Moshi wenye tonge, akauvutia kwake kwa nguvu za mkulima.

"Huyu sasa ale," nilisema. "Kwetu asingefika hapa hajaonja kitu."

"Kliniki wamesema miezi sita," mwenzangu alijibu. "Siku chache zimebaki. Mzazi mwenzangu, hata mahindi mnayangoja yakomae."

"Mengine tunayachoma mabichi."

"Na matumbo yanawauma."

Kabla sijapata jibu, mkwe wangu alirudi, akaita kutoka mlangoni, "Mama." Tukaitika wote wawili kwa pamoja. Akasimama pale na mkoba wake begani, akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema alikuwa anaomba maji tu. Tuliinuka wote wawili kuyafuata.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu. Nikiamka mapema kufua nepi, nazikuta zimeanikwa. Nikisema leo nitamwogesha mimi, naambiwa maji yameshamwagwa. Mama wa Moshi alikuwa na sauti. Akianza wimbo wa kanisani kwao taratibu, mtoto analegea macho kabla ubeti haujaisha. Mimi nilisali rozari karibu na kitanda chake, nikitumaini kwamba naye atalala kwa sala, lakini alikuwa akiuvuta msalaba wake na kutaka kuula. Mwenzangu akipita anasema, "Angalau kwako anapata cha kutafuna." Nacheka. Halafu najikuta nimesahau nilikuwa nimefika tendo la ngapi la rozari.

Na kulikuwa na ndizi. Watu wa kwao walikuwa wamemtumia boksi la ndizi mshare kwa basi, zimefungwa kwa majani makavu. Alikuwa akizigeuzageuza kila asubuhi kama mtu anayekagua ng'ombe wa mnadani. Sikuuliza za nini. Aliniambia mwenyewe.

"Kwetu mtoto anaanza na ndizi. Laini, haina pumba za kumkwaruza."

"Kwetu ndizi tunampa mgonjwa," nilisema, "na mgeni."

Unga wangu ulikuwa juu ya kabati, karibu na dari. Ndizi zake zilikuwa chini mlangoni, ambako mtu hapiti bila kuziona. Hata hilo lilinikera.

Siku ya kliniki tulikwenda wote, mkwe wangu akiwa ameomba ruhusa kazini. Nesi alimpima mtoto, akatabasamu, akasema uzito wake ni mzuri na sasa umri umetimia, aanze kula. Akauliza, "Nani anashinda naye mchana?"

"Mimi," nilisema.

"Mimi," alisema mama wa Moshi.

Akina mama waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Nesi naye alicheka, akasema mtoto huyu hatakufa njaa, labda afe kwa kushiba, kisha akatueleza sote watatu kwa utaratibu. Kwanza anyonye, apoze njaa, ndipo apewe chakula. Akae wima, asilazwe. Kianzio kiwe kitu kimoja kwa siku kadhaa, vijiko viwili vitatu vidogo. Uji usiwe maji. Ukiinamisha kijiko usimwagike. Chumvi na sukari hapana, asali hapana mpaka atimize mwaka. Akitema msiseme amekataa, ni ulimi ambao haujajua kazi mpya.

"Kitu kimoja kipi?" mama wa Moshi aliuliza.

"Mlicho nacho. Uji, ndizi, kiazi, vyote ni sawa. Chagueni nyumbani."

Laiti yule binti angejua alichotupa tukachague.

Ijumaa jioni, baada ya chakula, niliona nisipolisema jambo langu nitalikosa. Mwanangu alikuwa amerudi, mkewe anakusanya vyombo. Nikalisema kwa kuzunguka, kama inavyompasa mtu mbele ya wakwe. Nilieleza habari za nyumba yetu, za kata, za mama mkwe wangu aliyelala pema. Mwanangu aliinamisha kichwa. Alijua.

Mama wa Moshi alisikiliza mpaka mwisho. "Kwetu," akasema, "anayelea ndiye anayelisha."

"Kwetu nyumba ndiyo inayolisha."

"Na nyumba ilikuwa wapi mtoto alipokuwa na mchango wa tumbo?"

Neno hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Nikasema moyoni Salamu Maria, na katikati yake nikamchukia kidogo, nikaanza upya.

Ndipo akapumua, akajifunga kanga yake vizuri. "Basi, mzazi mwenzangu. Ng'ombe wenu tuliwapokea, hatuwezi kuwanyima kijiko. Kesho ni uji wako. Ndizi zangu zitangoja, kama hazijaoza kwa hasira."

Nilimshukuru. Wakati wote huo hakuna aliyemuuliza mkwe wangu neno. Alikuwa amesimama na sahani mkononi, na tulipomaliza alikwenda kuziosha.

Jumamosi niliwasha jiko la mkaa kumekucha. Niliukoroga mtama wangu taratibu, nikaupika ukaiva sana, mzito kama nesi alivyosema, nikauchuja mabonge yote. Tulikaa barazani, juu ya mkeka. Kata niliiosha kwa maji ya moto, na kando yake niliweka kijiko kidogo cha mtoto, maana kiganja cha zamani hakina nafasi tena. Mwanangu alikaa kwenye kigoda. Hata mama wa Moshi alivaa gauni zuri.

Mkwe wangu alimleta mtoto, akamkalisha wima mapajani, akaanza kufungua vifungo.

"Subiri, mwanangu," nilimwambia. "Asinyonye kwanza. Aje na njaa, atafungua mdomo vizuri."

"Nesi alisema anyonye," alijibu kwa sauti ndogo.

"Mwache aje na njaa," mama yake naye alisema. "Akishiba hataonja." Lilikuwa jambo la kwanza ambalo mimi na mke mwenza wangu tulikubaliana, na tulikosea wote.

Uji ulikuwa bado wa moto. Tukaupuliza. Mtoto aliiona kata, akaona midomo yetu inapuliza, akajua kuna chakula na kwamba hapewi. Akaanza kulia. Nikataka kuanza, kisha nikaona si adabu kumtangulia aliyenipisha, nikamkaribisha aseme neno la sala. Akasema hapana, sema wewe, mwenye siku. Nikasema wewe ni mgeni wetu. Akasema mgeni hafungui mlango. Tulikwenda hivyo kwa heshima mpaka mtoto akawa mwekundu machoni na anapiga miguu hewani.

"Mshike miguu," mama wa Moshi alimwambia binti yake. "Atamwaga."

Mkwe wangu akaishika miguu.

Nikafanya ishara ya msalaba, nikayasema yale maneno ya nyumba yetu kwa Kisukuma, ambayo maana yake ni: kula cha kwenu, ukue, ushibe, ushibishe wengine. Nikachota kwenye kata kwa kijiko, nikakigusisha mdomoni. Alikuwa analia kwa nguvu hata hakujua kuwa kimeingia. Ulimi wake ukausukuma uji wote nje, ukatiririka kidevuni. Nikajaribu tena. Akakohoa, akapiga kelele zaidi, akaugeuza uso na kuuficha kifuani kwa mama yake.

"Niponde ndizi?" mama wa Moshi aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya, lakini nilisikia furaha kidogo chini ya sauti yake, na nilijua ni furaha ya aina gani kwa kuwa ingekuwa ni ndizi yake iliyotemwa nami ningefurahi vivyo hivyo.

Niliinua macho nimjibu, na nikamwona mkwe wangu.

Alikuwa ameishika ile miguu. Gauni lake lilikuwa limelowa kifuani, mabaka mawili makubwa, maziwa yanatoka yenyewe kwa kilio cha mtoto, naye hakuthubutu kuyatumia kwa sababu wazazi wawili walikuwa wamemkataza. Alikuwa anatabasamu. Tabasamu lile nalijua. Nimelivaa kwa kila mtoto wangu. Huyu binti alikuwa anapanda basi kila asubuhi na kutuachia mtoto wake sisi wazee wawili, anarudi anatukuta tunagombania mapato ya siku: nani alimlaza, kwa nani alicheka. Mimi nilijiona mwenye wivu kuliko wote katika nyumba ile. Kumbe mwenye haki ya wivu alikuwa anaosha vyombo.

"Iachie miguu," nilimwambia. "Mnyonyeshe."

Aliachia upesi kuliko nilivyotarajia. Mtoto akaruka kifuani, akanyonya kwa pumzi za kwikwi, kisha kwa pumzi ndefu, kisha mkono wake mmoja ukaanza kuchezea kifungo. Uji ulipoa wenyewe. Baadaye akaachia ziwa, akageuka, akaiona kata mkononi mwangu, na akaufungua mdomo.

"Mama, endelea," mkwe wangu aliniambia, na akamgeuza mtoto anielekee mimi.

Nilijua kwamba sasa angepokea. Mdomo ulikuwa wazi, mtulivu, mwekundu, unangoja. Kijiko kilikuwa tayari kimejaa. Nimeingoja zamu ile tangu nikiwa na nywele nyeusi, na haikuwa imebaki hata hatua ya kutembea, ni kunyoosha mkono tu. Sitasema kwamba niliona nuru. Mkono ulikuwa mzito.

Nikaigeuza kata, nikampa yeye mpini pamoja na kijiko.

"Lisha wewe, mayu. Zamu ni yako."

"Mama, si desturi."

"Desturi ni ya nyumba, na katika mama wa zamani wa nyumba ile nimebaki mimi. Lisha kabla hajafunga mdomo."

Alinitazama mimi, akamtazama mumewe, kisha hakutazama mtu tena. Akachota kidogo, akakipeleka kijiko. Mtoto alikunja uso kama aliyeambiwa habari mbaya. Akautembeza uji mdomoni, nusu ukatoka, nusu ukaenda. Tuliona koo lake likipanda na kushuka. Akafungua mdomo tena, mkubwa kuliko mwanzo, kama kinda wa ndege. Mama yake akacheka, akalia, akachota tena.

Mama wa Moshi aliniinamia sikioni. "Kumbe unaweza kuachia, si ungeachia jana tukalala?"

"Na wewe?"

"Mimi niliachia jana. Lakini nilimwachia mke mwenzangu, sikumwachia mwanangu. Kama ningejua ni yeye anayetaka, nisingekubishia hata kidogo." Akamtazama binti yake, kisha akasema, "Hakusema."

"Sisi tulisema?"

Akatikisa kichwa, maana kwao pia mama wa mtoto wa kwanza hasemi.

Nilikitoa kijiko, lakini wivu sikuutoa, kwa sababu wivu hautolewi kwa mkono. Nilipokuwa nimekaa pale nikimwona mtoto akimfungulia mama yake mdomo, niliusikia ukinihama kwa mke mwenza na kwenda kukaa kwa mkwe wangu, mtu niliyempa mwenyewe. Nilijiambia: vile vijiko vilikuwa vyangu. Mzee wangu alipopiga simu jioni aliuliza, "Umemlisha?"

"Amekula."

"Kwa mkono wa nani?"

"Amekula mtama wetu."

Akacheka kule Dutwa mpaka simu ikakwaruza. "Basi wamekushinda."

"Amenishinda mwenye maziwa," nilimwambia. "Kwa huyo si aibu."

Jumatatu mkwe wangu alipanda basi kwenda Lagangabilili, nasi tukabaki na mume wetu na njaa yake. Kabla ya kuondoka alimnyonyesha, akampa vijiko vyake vya asubuhi mwenyewe, akanikabidhi kata. Tangu siku ile vya asubuhi vilikuwa vyake siku zote, hata alipochelewa basi. Vya mchana tulipokezana, mimi na mama wa Moshi. Mtama ulipomaliza siku zake za peke yake, ndizi ikapata nafasi, na nisiseme uongo, aliipenda. Aliipenda sana. Nilikuwa naiponda kwa nyuma ya kijiko, nachanganya na maziwa ya mama yake, na moyoni namwambia: kula, msaliti.

Mwenzangu aliondoka mwezi uliofuata. Nyumbani kwake kulikuwa kunamsubiri. Tulimsindikiza stendi. Akamwimbia mtoto ule wimbo wake, akamrudishia binti yake, akapanda. Siku mbili mtoto alikuwa anautazama mlango kila unapofunguliwa, na akiona ni mimi anashusha macho. Niliyaonea wivu hata yale macho yaliyoshuka, maana sijui kama mimi nikiondoka atanitafuta hivyo. Jioni ya siku ya pili nilijaribu ule wimbo. Maneno sikuyajua, nikaguna tu sauti yake, kwa koo langu hili la kusali rozari. Alinitazama kwa mshangao. Hakulala, lakini hakulia.

Sasa ana meno mawili na anakula karibu kila kitu: ugali laini, mchicha, dagaa waliosagwa. Mimi huja na kurudi, wiki huku na wiki kijijini. Mama wa Moshi hupiga simu ya picha mchana, anajua ni saa ya kulisha.

"Mume wetu amekula?"

"Mume wangu amekula," namjibu, namsogezea simu aone mdomo uliojaa. Mtoto huinyooshea mkono sura yake, na mimi huisogeza simu karibu zaidi ili aishike. Huwa nairudisha ikiwa imejaa uji.

Mpendwa uliyesoma mpaka hapa, Mungu aijaze sufuria yako na ghala lako. Akupe mtoto wa kulisha, au mtoto wa kumwona akilishwa, na kama zamu yako imechelewa akupe mkono mwepesi wa kungoja na mwepesi zaidi wa kuachia. Na wivu ukikupata, kama ulivyonipata mimi, Yeye anayewalisha wote asikuhesabie, bali akukalishe mkekani karibu na wanaokula, mpaka nawe ushibe. Amina.